Pumzi ya Tunu

Mlango wa nyumba yetu haufunguki asubuhi mpaka kila mtoto aliyeanza shule aupulizie. Pumzi ikiwa na mvuke wa sigara ya umeme, mwenye pumzi hiyo huchukuliwa siku ileile, na simjui mzazi aliyerudishiwa mwanawe.

Nilikikuta kidude cha sigara hiyo chini ya mto wa Salha, binti yangu wa miaka kumi na tano.

"Ni mvuke tu wa embe, mama," akaniambia. "Darasa zima tunavuta. Sigara ndiyo mbaya."

Nilimchapa, nikambembeleza, nikashindwa. Basi nikawa namwomba mdogo wake, Tunu, ambaye hajaanza shule, ajaze puto kila asubuhi, na Salha akawa anaachia hewa yake mlangoni badala ya kupuliza. Mwezi mzima taa ikawaka kijani.

Leo imewaka nyekundu.

"Wallahi mama, ni puto lilelile!" Salha akalia.

Tunu akajificha nyuma ya kanga yangu. Nikainama, nikamnusa mdomo. Embe.

"Dada alisema ni mvuke tu," akanong'ona.

Mlango ukauliza, kwa upole wake wa siku zote: "Mzazi, pumzi hii ni ya nani?"

Wanangu wote wawili wakanitazama.