Nesi wa Wodi Sita

"Kitabu hiki kinanitia kichefuchefu," alisema Skolastika, akakisukuma mezani hadi kikagonga birika la chai.

Wenzake wakatazamana. Kikao kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza. Kila mwezi wanawake watano walikutana katika ofisi ya redio moja pale mjini Arusha, wakatoa maoni juu ya riwaya, na riwaya waliyoikubali ilisomwa hewani kila alasiri. Sharti lilikuwa moja tu: mmoja wao akikataa katakata, kitabu hakisomwi. Skolastika alikuja na gauni lake la kanisani na nia moja, kukataa katakata.

Ilikuwa hadithi ya mapenzi ya wakati wa Vita vya Kagera. Askari kijana analetwa hospitali, mlipuko umemwondolea macho yote mawili. Ana mchumba kwao Kikwe, na mchumba anamwandikia barua. Nesi wa wodi sita ndiye anayemsomea, ila anasoma ya kwake. Mchumba ameandika kwamba atamsubiri hata akirudi haoni; nesi anasoma kwamba binti ameshapata mwingine. Baadaye nesi na askari wanafunga ndoa, kengele zinalia, wanazeeka pamoja, na msomaji anatakiwa afurahi.

Anaeli, mwalimu mstaafu, alikuwa amelia mpaka kurasa zikalowa, wala hakuona haya kulisema. Mwingine alisifu lugha. Brightness, mtangazaji wa kipindi, alisema wasikilizaji wangeganda redioni. Jana tu alikuwa amekigusia hewani.

Skolastika aliwasikiliza huku amekaza midomo. Alikuwa nesi kwa miaka thelathini na minane, kwa hiyo alianza na makosa ya kazi. Nesi hakai kitandani kwa mgonjwa. Bandeji iliyogandia kidonda haivutwi kama ganda la ndizi; inalowekwa kwa maji ya chumvi, taratibu, mpaka iachie yenyewe. Mwandishi huyu hajawahi hata kunusa wodi. Wenzake walidhani ataishia hapo.

"Halafu huyo nesi ni mwizi," akaendelea. "Tunampigia mwizi makofi kwa sababu amevaa kofia nyeupe. Kuna binti Kikwe amekaa anangoja majibu, na nyinyi mnaniambia mapenzi."

Anaeli akamtetea nesi. Alikuwa msichana mdogo, akapenda, akateleza. Na kitabu kinaeleza wazi jinsi alivyomtunza mume wake hadi uzeeni: alimpikia, alimfulia, alimshika mkono kila alikokwenda, hakumwacha hata siku moja.

"Si ameshalipa, Mama Frederick?"

"Kumpikia mtu uji si kutubu," alisema Skolastika.

Brightness, ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake, akauliza kwa adabu mama angependa hadithi iishe vipi.

"Angemwambia ukweli."

"Lini, mama?"

Skolastika akachukua kikombe chake. Chai ilikuwa imepoa, akainywa hivyo hivyo. Kisha akasema hakubali, hata wakeshe hapo hakubali. Wasikilizaji kama wanataka mapenzi, watafutiwe mapenzi yasiyonuka. Sharti ni sharti. Brightness akalifuta jina la kitabu ubaoni, shingo upande.

Wakati wa kuondoka Skolastika aliiomba nakala ile, eti akaitupe chooni inakostahili. Wakacheka, wakampa. Mwaka mzima walikuwa naye katika kikundi, na hakuna aliyewahi kufika kwake.

Bodaboda ilimshusha Olmotonyi jua likiwa bado juu ya miti. Njia nzima alihisi ameutua mzigo aliokuwa nao tangu alipoanza kukisoma kitabu kile. Alishaamua: hakiendi chooni, kinaingia jikoni, kwenye mafiga, kabla ya ugali.

Lakini mumewe alikuwa amezima redio. Mzee Abdiel hakuwa mtu wa kuzima redio saa kama ile.

"Mama Frederick, jana walisema leo mnajadili hadithi ya nesi na askari," alisema hata kabla hajapokea salamu. "Imepita?"

Skolastika akamwambia haikupita, kwa kuwa ilikuwa uchafu mtupu. Mzee akacheka. Akasema uchafu huo ndio aliokuwa akiungoja tangu asubuhi, na kwamba mkoba ulipotua mezani ulitoa kishindo cha kitabu, kwa hiyo mkewe asijisumbue kukana.

Skolastika akasema amechoka, labda kesho. Abdiel akajibu kwamba bado mapema, chai ipo kwenye chupa, na kigoda chake ameshamsogezea. Kweli kilikuwa pale, ubavuni mwa kiti cha mzee.

Skolastika akakaa, kitabu mapajani. Swali la yule binti wa redioni lilikuwa bado linamrudia, lile neno moja tu: lini. Ndani ya nyumba walikuwa wawili peke yao. Nafasi nzuri kuliko hii asingeipata tena, na alilijua hilo. Akajichukia kama alivyokichukia kitabu.

Abdiel akavua miwani yake myeusi, akapangusa kope zilizolala juu ya mashimo matupu.

"Soma taratibu, sista," alisema, "kama ulivyokuwa ukinisomea kule wodini."

Skolastika akafungua penye barua ya kwanza. Akakohoa kidogo kusafisha koo.

"'Nesi akaifungua barua,'" akasoma, "'akaisoma yote, neno kwa neno, kama yule binti alivyoiandika.'"