Chiriku Aacha Mipasho

Ndege wa bondeni walimjia juu Chiriku siku alipoacha taarab akaanza kupiga muziki wa kucheza. Ilikuwa harusini kwa Njiwa. Kabla wimbo haujafika katikati, Bi Bata alisimama, mabawa kiunoni.

"Ndiyo nini hii? Umetupa asili yetu! Tuimbie mipasho yetu ya zamani!"

"Ya zamani!" akadakia hasimu wake, Bi Kwale, na ukumbi mzima ukaitikia.

Chiriku alifura kwa hasira. Asili gani? Miaka yote hiyo hakuna aliyejali sauti yake. Walikuwa wakimjia uani kwa siri, mmoja mmoja, kumwagiza wimbo wa kumsema jirani. Ukiimbwa, aliyeuagiza huinuka kumtunza pesa huku akimkata jicho aliyekusudiwa. Lawama zote zikabaki kwa Chiriku.

"Mnataka mipasho?" akafoka. "Nitaimba. Ila leo, kila wimbo namtaja aliyeniagiza na aliyesemwa. Naanza na wako, Bi Bata."

Bi Bata akamtazama Bi Kwale, akaanza kutikisa mabega.

"Chiriku mwanangu, hebu turudishie ule mpya. Mbona mtamu?"

"Mtamu kweli," akasema Bi Kwale, keshaingia uwanjani.

Chiriku akaupiga. Akaurudia, akaurudia tena, na kila aliyetaka kukaa, Chiriku alimtazama tu usoni, naye akainuka kucheza.