Matawi ya Chini

Siku hiyo mjinga alikuwa Rimberia, bwana miti wa kijiji, na mwenyewe hakatai. Kwa kuogopa majambazi wa shifta wasije wakajificha humo, alifyeka matawi yote ya chini ya mierebi aliyoipanda kijijini Chechelesi kukinga upepo, akaacha miti mirefu yenye miguu mitupu.

Adhuhuri upepo ukapita chini ya miti, ukaingia uani kwa Mama Deqa, ukamwaga mchanga kwenye wali wa harusi ya bintiye. Wakwe walikuwa wanapiga hodi.

Mama akamwita Rimberia, akamlisha kijiko kimoja cha wali huo. Meno yakalia kra, kra.

“Lakini mama, sasa shifta hana pa kujificha!”

“Shifta angekula sahani moja, bwana miti. Wewe umemaliza sufuria nzima.”