Jina Lote

Bi Sikudhani, karani wa mapokezi, alikuza herufi za kompyuta ili macho yake yazione, na orodha ya wagonjwa ikavurugika tena. Jina la baba wa mgonjwa likaangukia mstari wa mtu mwingine, la babu likapotea kabisa. Asubuhi ile alipoita Asha, kwa kuwa hakuona zaidi ya hapo, walisimama watatu kwa mpigo.

"Mama huyu amechoka," alisema Mdoe, msimamizi wa zahanati. "Kesho atakaa hapa mtu mwenye macho."

Mwanahawa, aliyeitengeneza programu ya orodha hiyo, alikuwa ameshika kiti cha Bi Sikudhani mbele ya kompyuta, na hakubanduka. "Macho yake hayana kosa. Programu yangu hupima nafasi ya kioo mara moja tu, inapowashwa. Akikuza herufi, yenyewe haina habari."

"Nimeshaamua, dada. Funga."

"Wewe amua, bosi. Mimi naandika."

Bi Sikudhani alimsogezea chai yake mwenyewe, akakigeuza kikombe ili mshikio umwelekee. Mwanahawa akaandika programu ipime upya kila herufi zinapobadilika ukubwa, kisha akampisha kiti.

"Haya mama, kuza."

Akakuza. Mistari ikajipanga, jina lisilotosha likaendelea chini yake.

"Basi, inatosha," alisema Mdoe.

Bi Sikudhani akabonyeza tena, na tena, bila kumtazama, mpaka jina la mgonjwa mmoja, la baba yake na la babu yake yakajaza kioo kizima. Huko nyuma kwenye mabenchi, mzee mmoja akalisoma jina lake, akainuka kabla hajaitwa.