Nani Anamaliza Uji wa Farhan

Kwaru, kwaru, kwaru. Kijiko kilikuwa kinakwangua sufuria jikoni, gizani, kabla hata ya adhana ya alfajiri.

Naima alisimama koridoni na birika la kutawadhia, miguu imeganda kwa baridi ya Uyole. Aliijua sufuria ile kwa mlio wake. Ilikuwa ile ndogo, ya uji wa Farhan.

Jikoni taa ya simu ilimmulika Nyamizi, dada wa kazi, upande mmoja wa shavu. Mdomo umejaa, anaongea na simu kwa kunong'ona. Kisukuma chake Naima hakukijua, lakini Kiswahili kilikuwa kikidondoka katikati.

"Anautema wote, eeh. Na uso anageuza. Miezi minane hii, mayu, sijui tufanyeje."

Naima akahisi uso unawaka. Kumbe ndivyo. Anakula uji wa mtoto, kisha anampigia mama yake Madibira kumsimulia kwamba mtoto wa Naima hali.

Hata sala yake asubuhi hiyo ilikuwa na hasira katikati.

Miezi miwili alikuwa akihangaika na uji huo, tangu Farhan atimize miezi sita, naye akamleta Nyamizi ili arudi kwenye kibanda chake cha nguo sokoni na masomo yake ya jioni. Msichana mwenye mambo mengi kwao hakumtaka. Nyamizi alisema hana jambo, ana mama yake tu. Unga wa lishe Naima aliusimamia mwenyewe mashineni. Akapunguza karanga, akaongeza karanga. Akaponda parachichi, akaponda viazi. Farhan alifumba mdomo kama aliyeapishwa. Kijiko kikilazimisha kupita, kilichoingia kilirudi kidevuni.

Ziwa nalo alilidharau. Naima akirudi saa mbili usiku kutoka darasa la jioni, kifua kinamuuma kwa kujaa, Farhan alivuta mafunda mawili, akamtazama kama mgeni aliyekwisha kula alikotoka, akalala. Naima alibaki amemkumbatia, anajiuliza ni mama gani anamwacha mtoto kutwa nzima, kisha anakwenda kusoma jiografia.

Kliniki ndiko alikopatia nguvu. Muuguzi alimning'iniza Farhan kwenye mzani, akatazama, akatazama tena.

"Mama Amna, unanitania? Huyu amepanda vizuri tu. Hizi nyama hazikutoka hewani."

Basi akamwamini Nyamizi, ambaye kila usiku alimwonyesha kikombe kitupu na kusema, "Amemaliza, mama Amna." Akamshukuru, akamnunulia na sweta. Alisema moyoni, mtoto ananikataa mimi, lakini anakula. Si neno.

Leo amemwona mmalizaji. Na ule mzani wa kliniki, aliwaza, kamba yake imechoka siku nyingi.

Kulipokucha alipika uji mpya. Akampakata Farhan, na Amna, binti yake wa miaka minne, akakaa mkekani na mdoli wake. Kijiko cha kwanza Farhan alikipuliza, uji ukatapakaa kwenye baibui. Cha pili aligeuza uso. Cha tatu aliangua kilio, akanyoosha mikono yote miwili kwa Nyamizi aliyesimama mlangoni.

Nyamizi akajikumbatia kifua, akageukia ukutani.

"Nitazame," Naima alisema. "Uji wa mtoto unakula wewe?"

"Nakula, mama Amna. Nisamehe. Njaa inanikamata vibaya."

"Ugali unaokula mchana unawatosha mafundi wawili. Hiyo njaa ni ya wapi?"

Nyamizi alivuta sweta lake mbele.

"Halafu unamtangaza mwanangu kwenu."

"Sijawahi kumtaja Farhan kwa mtu, mama Amna."

"Nimekusikia kwa masikio yangu. Anautema, anageuza uso. Ni mtoto gani mwingine huyo?"

Nyamizi alimtupia Amna jicho.

"Kafungashe," Naima alisema. "Gari la Madibira lipo saa nne."

Alijua anachokata. Bila dada hakuna darasa, na bila darasa mtihani wa Novemba atausikia kwa wenzake. Bora hivyo, kuliko mwanawe akonde huku mwingine analamba sufuria.

Nyamizi hakuchelewa, vitu vyake viliingia kwenye begi moja. Alirudi sebuleni akasimama na begi lake, haoneshi kutaka kuondoka. Farhan alikuwa bado analia, sasa kwa sauti iliyokauka, anajirusha mapajani mwa mama yake. Uji ulikuwa umepoa na kuota ngozi juu.

"Niache nimlaze kwanza, mama Amna. Saa hizi huwa analala."

"Atalala na mama yake."

"Dakika tano tu. Chumbani kule, kisha naenda."

"Nyamizi, nimesema."

Nyamizi akainamisha kichwa. Alitoa kanga kwenye begi, akaikunja mara nne, akaipenyeza ndani ya sweta kifuani, kisha akafunga vifungo vyote hadi shingoni, ingawa jua lilikuwa limeshatoka na bati limeanza kulia kwa joto. Akashika kitasa cha mlango.

Amna aliacha kumsuka mdoli wake, akamtazama dada, akamtazama na mdogo wake anayelia.

"Mama, dada akirudi kwa mtoto wake, Farhan atanyonya kwa nani mchana?"