Upande Ulioungua

"Iunguze," alisema Mzee Alois.

Bi Hanh, aliyekuwa akifuta meza ya kibanda chake, akasimamisha kitambaa.

"Niunguze nini?"

"Frgál yangu. Iache kwenye tanuri mpaka iungue. Si yote, upande mmoja tu."

"Mzee, mimi hapa nauza. Nikianza kutoa vilivyoungua, soko zima la Cheb litasema Mvietnamu hajui kuoka. Wapo wanaosema tayari."

"Wanaosema hawajui hata frgál ni kitu gani. Achana nao."

Hapo hakukosea. Cheb iko huku mwisho kabisa wa magharibi mwa nchi, mpakani, ukipiga chafya Mjerumani anakusikia. Frgál ni ya Valašsko, milimani, mwisho wa pili wa nchi: mkate wa duara, mwembamba, mpana kama sinia, umepakwa mapeasi yaliyokaushwa na kupondwa, na juu yake chenga za unga, siagi na sukari. Tangu binti yake amhamishie huku, Mzee Alois alikuwa ameshakata tamaa ya kuiona tena. Halafu siku moja akaikuta sokoni, inauzwa na mwanamke wa kutoka Hanoi. Bi Hanh alikuwa amejifunza hukohuko Valašsko, kwenye duka la mikate alilofanyia kazi alipoingia nchini akiwa msichana.

Siku ile ya kwanza mzee alikula kipande akiwa amesimama, machozi yakamlengalenga. Alipomeza tu akaanza kulalamika, na tangu hapo hakuacha. Kila Jumamosi alikuja na lake. Sukari imezidi. Mapeasi hayana moshi. Na huu unga, umeoka mkate au umeoka mlango?

"Mama mkwe wangu amefufuka, safari hii ana masharubu," Bi Hanh aliwaambia majirani zake wa sokoni. Lakini sukari aliipunguza, na mapeasi akaagiza ya moshi kutoka kulekule milimani. Mtu mwingine angeshamfukuza. Yeye alimvumilia kwa sababu ya neno moja alilolisikia.

Siku moja alikuwa amemwuliza mzee kwa nini hamalizi frgál yote, kwa nini nusu huifunga na kuondoka nayo.

"Nampelekea Anežka, mke wangu," mzee alijibu. "Ilikuwa ni mkono wake, hii. Nataka itoke kama yake, hata mara moja tu, ajue kuwa ni mimi niliyemletea."

Bi Hanh aliinamisha macho. Nyumbani kwake, juu ya rafu, ilikuwepo picha ya marehemu mama yake, na kila asubuhi aliiwekea kibakuli cha wali.

"Na ukimpelekea?"

"Hasemi kitu."

"Hawasemi, mzee. Lakini wanajua. Wewe usiache kupeleka."

Mzee miguu ilikuwa ikimuuma na basi lilikuwa linakuja. Kuanza kueleza mambo yake pale sokoni hakuwa na nguvu nako. Aliitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Na sasa anataka kuunguziwa.

"Tanuri letu la kule nyumbani lilikuwa limeinama," alieleza. "Miaka yote Anežka anaoka, upande mmoja unaungua. Upande huo ulikuwa wangu. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, hata watoto. Mimi nahangaika na sukari, nahangaika na moshi, kumbe kinachokosekana ni ule weusi. Nimekumbuka jana navaa viatu."

"Ulikuwa unaula kwa kuupenda, au kwa kumwogopa mke?"

"Mwanzoni kwa kumwogopa."

Bi Hanh alicheka mpaka akakaa.

"Haya, njoo Jumamosi. Mtu akikuuliza, si mimi niliyeoka."

Jumamosi iliyofuata alimfungulia boksi chini ya meza, wateja wasione. Upande mmoja ulikuwa mweusi kama soli ya kiatu. Mzee alimega punje ya pembeni, akaitia mdomoni. Bi Hanh alimtazama, akisubiri kusomewa makosa yake.

"Ni yenyewe," alisema mzee.

Hakulalamika. Alifunga boksi pole pole.

"Nisalimie kwake," alisema Bi Hanh.

Mzee aliteremka kwenye basi kituo cha makaburini, kama kila Jumamosi, akajipumzisha kwenye benchi pale getini. Alikuwa amechoka. Uchovu wenyewe haukuwa wa safari, ulikuwa wa kwenda na matumaini na kurudi bila kitu. Alijiambia kwamba leo ikishindikana, basi, hatamsumbua tena Bi wa watu. Kisha akainuka, akavuka barabara, akaingia kwenye lile jengo la manjano wanakotunzwa wazee.

Anežka alikuwa ameketi dirishani, shali mabegani. Alimtazama mumewe kama anavyotazamwa fundi aliyekuja kurekebisha bomba. Alois alimwekea sahani mapajani, akavuta kiti, akakaa.

Anežka alimega, akatafuna. Kisha akaacha kutafuna. Uso wake ukachangamka kama zamani, na mzee akasogeza kiti karibu. Anežka aliizungusha sahani taratibu mpaka upande mweusi ukamjia. Akaukata wote, akaufunga ndani ya leso yake. Alois akanyoosha mkono kuupokea.

Anežka alimchapa kofi dogo vidoleni.

"Ondoa mkono, mgeni. Wewe kula huku kuzuri," alisema. "Huu ulioungua namwekea Alois wangu, yuko njiani anarudi."