Feni ya Chumbani

Feni ilijizungusha mara ya mwisho, ikakwama. Mzee akaikodolea macho kama mtu anayemwona mwizi akitoka na mali yake.

"Wamekata tena," akamwambia mkewe. "Vumilia, mama watoto. Wao huko wana majenereta."

Bati lilikuwa tayari linashusha joto la tanuri. Akapiga simu ofisi ya umeme.

"Nina mtu ndani hawezi joto!"

"Mzee, kama ni mgonjwa si umpeleke hospitali?" Sauti ya kike, inatafuna kitu.

"Nilishampeleka huko. Taa zikazimika hivihivi. Sirudii."

Simu ikakatwa. Mkubwa wa ofisi ile, mzee alimjua mpaka mikunjo ya shingo. Yeye mzee ndiye aliyemchonga kwa nta ya nyuki, akayeyusha shaba na kumsubu, sura ikatundikwa langoni inang'aa. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, kusubu nyuso za wakubwa. Shukrani yao ilikuwa makofi.

Akaloweka shuka, akalitundika dirishani. Akafunga mlango, akakimbilia duka la samaki kutafuta barafu.

"Babu, wewe na barafu!" muuzaji akacheka. "Kwani umeoa samaki?"

"Nimeoa mtu. Pima, acha mdomo."

Njiani binti yake akapiga. "Baba, njoo ukae kwetu. Chumba kipo."

"Na mama yako nimwachie nani?"

Kikasikika kilio, na mzee akakata simu. Hakuwa na nafasi ya vilio, barafu ilikuwa inamchuruzika miguuni.

Chumba kilikuwa kinanukia asali. Mkewe alikuwa palepale kwenye kiti chake, mtandio kichwani, uso kivulini. Akamwekea beseni la barafu miguuni, akaanza kumpepea kwa kipande cha boksi.

"Nimekuja. Usininunie."

Alikuwa mtu wa haya tangu usichana, kamera aliikimbia kama nyoka. "Sura yangu unayo wewe, inatosha," ndivyo alivyozoea kusema.

Paji la uso lilikuwa linameremeta kama lenye jasho. Mzee akanyoosha mkono amfute shavu. Kidole kikazama.

Pua ya nta ikainama taratibu, ikalala juu ya mdomo. Akaishika kwa vidole viwili airudishe, kama alivyoichonga wiki ile walipotoka kumzika, na mikono ikabaki hewani. Hakukumbuka tena ilivyokuwa.